Kabla hujamnunulia mwanao gari la mashindano, uliza tairi kwanza

Safu hii mmezoea kuisoma kwa ajili ya homa za watoto, chanjo na lishe. Leo naomba mnivumilie niongelee matairi. Si ya gari unaloendesha barabarani, ni ya yale magari madogo ya rimoti yanayoshindanishwa klabuni. Msishangae kuyaona kwenye ukurasa wa familia. Afya nayo imo, kwa sababu ndani ya mchezo huu kuna gundi, kuna betri, na kuna mkono wa kaka yangu ulioungua.

Desemba iliyopita nilikwenda likizo kwa kaka yangu anayeishi Leicester, Uingereza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Wifi yangu yuko zamu za mchana. Mtoto wao wa kiume ana miaka 11, na siku nyingi anaonana na baba yake dakika chache tu asubuhi, mmoja akitoka kitandani na mwingine akiingia. Ninyi mnaotusoma mkiwa ughaibuni, haya mnayajua bila kuelezwa.

Kila baada ya wiki mbili kuna Jumanne moja ambayo kaka hana zamu. Mwanawe aligundua kwamba Jumanne jioni, kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya jirani, kuna watu wanatandika zulia kubwa, wanapanga vizuizi vya njia, halafu wanashindanisha magari ya rimoti. Wakaenda kutazama mara ya kwanza. Wakaenda tena. Baada ya hapo mtoto akawa anahesabu siku.

Mimi shangazi mtu nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Kabla sijasafiri nikaagiza mtandaoni gari lipelekwe nyumbani kwao. Lilikuwa jekundu, kubwa, magurudumu yote manne yanavuta, matairi yana kashata kama ya trekta. Pauni 189. Nililichagua kwa picha, tena usiku nikiwa kitandani, kama tunavyonunua vitu vingi siku hizi.

Jumanne ilipofika tulikwenda wote watatu. Mtoto alilibeba gari lake mwenyewe, hakutaka lishikwe na mtu. Mwandaaji wa mashindano, mama mmoja wa makamo mwenye daftari mkononi, aliliangalia, akachuchumaa mpaka akawa sawa na mtoto kwa urefu, akamweleza taratibu: gari ni zuri, lakini hapa halitaweza kukimbia. Kashata zake zitachana zulia la klabu. Uzito wake ni mkubwa kuliko wa magari mengine, likigonga lingine litalivunja. Na hakuna daraja la mashindano linalolihusu.

Mtoto akasema hakuna shida. Akakaa na gari lake mapajani saa mbili nzima akitazama wenzake. Baba yake kakaa pembeni yake, amekunja mikono. Jumanne yao ikaisha hivyo.

Njiani kaka aliniambia kwa sauti ya chini, "Wale watoto wengine wana magari ya pauni mia tano, mdogo wangu. Huu si mchezo wetu." Hilo ndilo lililonifanya nirudi klabuni Jumanne iliyofuata nikiwa peke yangu na mtoto, nikiwa na maswali. Mengi ya hapa chini niliyapata usiku ule.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa meza ya jirani. Alinisikia nikimwambia mtoto "kaa hapa" akageuka kama aliyeitwa jina. Alizaliwa Jinja, wakaondoka na wazazi wake mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, na Leicester ndiko familia nyingi za aina yake zilikofikia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akacheka, akasema miaka mingi haijamtoka mdomoni.

"Dada, ile gari ya juzi ni nzuri," akaniambia. "Lakini ile ni ya mchanga. Hapa unauliza tairi kwanza, gari baadaye."

Tairi kwanza

Sisi wageni tunafikiri mshindi ni mwenye mota kali. Mzee alichukua gari lake na kulisukuma kwa kidole juu ya zulia. Halikuteleza kabisa, liling'ang'ania kama limegandishwa. Akavua matairi, akafunga yale yaliyokuja ndani ya boksi gari likiwa jipya. Safari hii kidole kimoja kilitosha kuliburuza kiubavuubavu. Gari ni lilelile, mota ni ileile.

Cha kuuliza mwanzo kabisa ni sehemu ya kukimbilia. Kuna klabu zinazokimbiza juu ya zulia, kuna za lami nje, kuna za nyasi bandia, kuna za udongo. Zulia na lami kwa magari ya mtindo wa barabarani hutaka tairi kipara la mpira, lisilo na kashata hata moja. Najua kwetu tairi kipara ni habari ya trafiki na faini, lakini kwenye zulia safi na kavu kipara ndicho kinachoshika, kwa sababu mpira wote unagusa chini. Nyasi bandia na udongo ni habari nyingine. Huko hutumika magari ya mtindo wa bagi, yenye matairi ya vipele vidogo vya mpira vinavyojichomeka katikati ya nyasi.

Kampuni moja ya Uingereza inayojulikana sana kwa matairi ya vipele ni Schumacher ya Northampton. Haihusiani na yule dereva wa Ujerumani. Ilianzishwa na mhandisi Cecil Schumacher, na matairi yake hutofautishwa kwa rangi kulingana na ulaini wa mpira. Kwa hiyo ukimsikia mtu klabuni anasema "weka njano," hazungumzii rangi ya bodi.

Ulaini ndio unaowachanganya wazazi. Unaambiwa tairi laini hushika zaidi, unanunua laini kuliko yote. Kwenye lami ya baridi ni sawa. Kwenye lami iliyochemshwa na jua tairi hilo huvurugika na kuisha upesi, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huandika namba ubavuni: namba ikiwa kubwa, tairi linafaa joto kubwa zaidi. Na kwenye zulia kuna tatizo la kinyume. Tairi likishika kupita kiasi gari linafika kwenye kona, magurudumu yanakataa kuteleza, na gari linabiringika kama limekatwa mtama. Usiku ule nililiona hilo mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Wazoefu hupaka gundi nyembamba kwenye ukingo wa nje wa tairi la mbele ili pale pagumu pasishike. Dawa ya kubiringika ni kupunguza mshiko, na wanaoanza hatufikirii hivyo.

Kitu kingine ambacho sikukijua: matairi haya hayajazwi upepo. Ndani yake kuna pete ya sponji, na rimu au tairi lenyewe lina tundu dogo la kutolea hewa. Sponji ndiyo inayobeba gari. Ikichakaa au ikikaa upande, tairi linakuwa na bonge na gari linatetema, hata kama mpira wa nje bado mpya. Ukinunua matairi yaliyotumika, yabonyeze kwa vidole kuzunguka pande zote usikie kama yanarudi sawasawa.

Sasa habari njema kwa mwenye mfuko mwembamba. Klabu nyingi zina daraja ambalo tairi ni moja kwa wote. Klabu inachagua chapa na aina, na ukija na lingine hukimbii. Wanafanya hivyo makusudi, ili mtu asishinde kwa kununua seti mpya kila wiki. Kwenye klabu ile, daraja la wanaoanza lilikuwa na tairi moja, mota moja ya kawaida isiyofunguliwa, na gia za ukubwa mmoja. Mzee alisema seti moja humfikisha mtoto mwisho wa msimu kama anakimbia kwenye zulia tu na hachezei nje barabarani.

Sisi tulinunua seti ya matairi manne yaliyokwisha gundishwa kwenye rimu kwa pauni 25. Kwa gari la kipimo cha moja ya kumi, angalia rimu iwe na tundu la pembesita la milimita 12 na upana unaoruhusiwa na klabu, aghalabu milimita 24 au 26. Yapo ya bei ndogo kidogo ambayo unagundisha mwenyewe. Nawasihi, kwa mara ya kwanza ongezeni hizo pauni chache. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye mkono wa kaka.

Ipo pia dawa ya tairi, kimiminika kinachopakwa ili kulainisha mpira kabla ya mbio. Baadhi yake hunuka vikali, na klabu nyingi za ndani ya ukumbi huruhusu aina maalumu tu au hazitaki kabisa. Zinazoruhusiwa nazo si maji ya kunywa. Mtoto avae glovu za plastiki, apake sehemu yenye hewa, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chipsi. Nilimwona kijana mmoja akipaka tairi kwa mkono huu na kula biskuti kwa mkono ule, nikashindwa kunyamaza. Mwenye pumu akae mbali na meza hizo. Mjulishe mwandaaji mapema, watawahamishia karibu na mlango.

Gari lenyewe

Ukishajua daraja na tairi, gari karibu linajichagua lenyewe. Tulichukua seti ya kuunda ya Tamiya TT-02. Tamiya ni Wajapani wa Shizuoka, gari lao la kwanza la rimoti lilikuwa Porsche 934 mwaka 1976, na TT-02 ni fremu ya plastiki ambayo utaikuta karibu kila klabu yenye daraja la wanaoanza. Kwa Uingereza boksi huwa kama pauni 100 mpaka 150, bei inategemea bodi ya juu ni ya gari gani. Ukiona bei imepanda kwa sababu ya bodi ya gari maarufu, kumbuka bodi ndiyo ya kwanza kupasuka.

Seti ya kuunda maana yake gari linakuja vipandevipande. Mwanzoni nilifikiri ni mateso ya bure, kwani yapo yanayokuja tayari yamekamilika. Lakini magari haya huvunjika. Mkono wa mbele unaoshikilia gurudumu utavunjika tu, ni suala la Jumanne gani. Mtoto aliyeunda gari lake anajua skrubu zipi afungue, na kipuri ni cha pauni chache. Ndiyo maana ununue gari ambalo vipuri vyake viko kwenye duka la karibu au kwenye sanduku la mtu pale klabuni. Lile gari langu jekundu halikuwa na vipuri popote nilipouliza.

Soma maandishi ya boksi kabla ya kulipa. Kwa kawaida mota imo, na mara nyingi kifaa cha kudhibiti kasi nacho kimo, ila zipo boksi zisizo nacho. Rimoti na kipokeo chake, kile kimota kidogo kinachogeuza magurudumu ya mbele, betri, chaja na rangi ya bodi ni vya kununua pembeni. Sisi boksi lilikuwa pauni 120. Beringi 10, kimota cha usukani 15, rimoti 40, betri 20, chaja 30, matairi 25. Jumla 260. Si hela kidogo kwa mtu wa zamu za usiku, sitaki kuwadanganya. Lakini ni mbali na zile mia tano zilizomkatisha tamaa kaka, ambazo kwenye magari ya wakubwa ni fremu peke yake bila mota wala bodi.

Beringi niliambiwa nizinunue kabla ya kuanza kuunda. Ndani ya boksi kuna vipete vya plastiki badala yake, na ukishafunga gari zima itabidi ulifungue lote ili ubadilishe. Na bisibisi pia. Skrubu za Kijapani zina mkato wa msalaba ulio tofauti kidogo na tuliouzoea, ukitumia bisibisi ya kawaida unakula kichwa cha skrubu. Nunua bisibisi ya Kijapani ya ukubwa sahihi, mtoto atatumia nguvu ndogo na hataumia kiganja.

Tuliunda usiku tatu mezani jikoni. Kaka alijifanya hana muda, anakunywa chai amesimama. Usiku wa pili akawa ameketi. "Baba, hii difu inataka grisi," mtoto akasema, na baba, ambaye kabla ya kuondoka Tanzania alikuwa fundi msaidizi gereji, akamnyang'anya kwa upole akamwonyesha kiasi chake. Wifi aliporudi akawakuta hivyo. Akapita bila kusema kitu, akanikonyeza.

Rangi ya bodi hupulizwa kwa ndani, kwa sababu bodi ni plastiki angavu. Fanyeni nje ya nyumba, na barakoa.

Gundi juu ya nguo ya pamba

Pamoja na kwamba matairi yetu yalikuja yameshagundishwa, moja lilianza kuachia ukingoni baada ya mazoezi. Kaka akasema atalimaliza mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Ilikuwa usiku, amechoka, amevaa sweta la pamba la mikono mirefu. Akabinya chupa ya supa gluu, ikatoka nyingi, ikamwagikia kwenye mkono wa sweta.

Wengi tunajua supa gluu hugandisha vidole. Tusilolijua ni kwamba ikimwagikia pamba kwa wingi hupata joto kali papo hapo. Huganda haraka sana kwenye nyuzi, na kule kuganda ndiko kunakotoa joto. Sweta lilianza kutoa moshi mwembamba. Kaka akapiga kelele, na jambo la kwanza aliloliomba ni dawa ya meno.

Hapo nikawa mwandishi wa afya na si mgeni tena. Nikamsukumia kwenye bomba, mkono na sweta lake, maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Dakika 20 ni nyingi, jaribu uone. Alitaka kutoka ya tano. Sweta lilikuwa limegandamana na ngozi mahali pamoja, tukaliacha pale, tukakata kitambaa kuzunguka. Ukivuta unaondoka na ngozi. Tukapiga 111, namba ya ushauri wa afya ya Uingereza, wakatuelekeza pa kwenda. Ikawa lengelenge la ukubwa wa sarafu, na zamu moja ya kazi ikapotea.

Dawa ya meno, asali, mafuta ya kupikia, ute wa yai, barafu: vyote hivi tumelelewa navyo, na vyote viacheni. Maji yanayotiririka kwanza. Halafu funika kwa kitu safi kisichonata, hata ile karatasi ya plastiki ya kufunikia vyakula, ukiilaza bila kukaza. Lengelenge usilitumbue. Mtoto akiungua apelekwe kwa mtaalamu hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Kwa hiyo kazi ya gundi ya tairi ni ya mtu mzima. Mikono ya nguo ikunjwe mpaka juu ya kiwiko, glovu ziwe za plastiki na kamwe zisiwe za pamba au sufi, miwani ya kukinga macho ivaliwe, dirisha liwe wazi. Usifute iliyomwagika kwa kitambaa cha pamba wala kwa tishu. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviringishe taratibu, usivute. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali bila kujaribu kufungua kope kwa nguvu.

Betri msiichaji mkiwa mmelala

Betri zipo za namna mbili. Za nikeli, zile ndefu za volti 7.2, ni za bei nafuu na husamehe makosa. Za lithiamu, volti 7.4, ni nyepesi na hutoa nguvu sawasawa mpaka mwisho, lakini zikiumizwa au zikichajiwa vibaya huwaka moto. Kwa mtoto anayeanza, kama klabu inaruhusu, mimi nachagua nikeli na sioni haya. Zinaingia vizuri kwenye TT-02, na kwa mota ya kawaida hatabaki nyuma kwa sababu ya betri.

Mkiamua lithiamu, chaja iwe ya lithiamu yenye uwezo wa kusawazisha seli. Kila seli haizidi volti 4.2. Betri ya mAh 4000 ichajiwe kwa ampea 4, si zaidi. Iwekwe ndani ya mfuko usioshika moto, juu ya sakafu ya vigae au saruji, mtu mzima akiwepo na macho. Si kitandani, si juu ya zulia, si chumbani kwa mtoto, na si usiku watu wamelala. Ikikaa muda mrefu bila kutumika iachwe na volti kama 3.8 kwa seli, chaja nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo. Ikivimba, hata kidogo, safari yake imeisha: usiitoboe, usiitupe kwenye taka za nyumbani, ipeleke kwenye kituo cha kukusanyia betri. Ikianza kutoa moshi, toka na watoto, funga mlango, piga simu. Uingereza ni 999, kwetu Tanzania zimamoto ni 114. Moshi wake ni sumu, gari la pauni 260 lisikurudishe ndani.

Klabu ile hairuhusu mtu kuchaji lithiamu bila mfuko, hata awe bingwa. Ukifika kwenye klabu ukakuta betri zinachajiwa hovyo juu ya meza za mbao katikati ya watoto, mimi ningegeuza.

Jumanne ya tatu

Mbio za klabu ni za dakika tano tano. Kifaa kidogo ndani ya gari huhesabu mizunguko, kisha watu hupangwa kwenye fainali kulingana na matokeo. Ukimaliza mbio zako huendi kukaa. Unasimama pembeni ya njia kuokota magari ya wengine yanayopinduka, na hilo ni la lazima kwa mkubwa na mdogo. Nililipenda sana. Mtoto wa miaka 11 alikuwa akimwinulia gari mzee wa miaka 60 na kitu, na mzee anapaza sauti "asante!" kutoka kwenye jukwaa la madereva.

Mtoto wetu alibiringika mara nne kwenye mbio ya kwanza. Mzee wa Jinja akaja, akatazama matairi ya mbele, akasema ukingo. Kaka, mkono una bendeji, alikunja mikono ya shati mpaka mabegani, akavaa glovu, akapaka gundi kwa uangalifu kama anampaka mtu rangi ya kucha. Mbio ya pili alibiringika mara moja. Kwenye fainali ya chini alimaliza wa tano kati ya saba, na kwa maelezo yake mwenyewe angekuwa wa nne kama yule msichana wa gari la bluu asingemziba kwenye kona.

Gari jekundu nilirudi nalo Dar. Betri yake niliibeba kwenye begi la mkononi, kwa sababu betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Ziba ncha zake kwa utepe, na angalia isizidi Wh 100. Ya mAh 4000 na volti 7.4 haifiki hata 30. Sasa linakimbia jioni kwenye mchanga wa uwanja wa nyuma ya nyumba yetu Tabata, na foleni ya watoto wa jirani ni ndefu kuliko ya bombani. Kashata zile za trekta huku zimepata kazi yake.

Juzi saa nane za usiku kaka alinitumia picha kutoka kazini. Ni tairi, kalishika kwenye mwanga wa taa ya meza, na chini kaandika: "Mdogo wangu, sponji imekaa upande au macho yangu?" Imekaa upande. Nimemwambia aibonyeze kuzunguka.

Wiki ijayo tunarudi kwenye maswali yenu kuhusu watoto wanaokataa kula shuleni. Yamefika mengi.